Nyumba ya Wiki Mbili

Kuna hadithi moja inayoandikwa kuhusu kwetu kila mwaka na watu ambao hata hawajuani. Inaanzia uwanja wa ndege, na mizigo, na sindano za chanjo. Halafu barabara: vumbi, mbuzi, watoto wanaopunga mikono. Halafu familia: mama, mara nyingi mjane, watoto wanne au watano, nyumba ya udongo yenye paa linalovuja. Siku ya kwanza mwandishi anachanganya simiti mpaka viganja vinatoka malengelenge. Siku ya tatu anajua kusema "asante sana" na "pole pole". Siku ya kumi kuta zimesimama, mabati yamepigiliwa, mama anakabidhiwa ufunguo, kila mtu analia. Ndani ya ndege ya kurudi, mwandishi anagundua kwamba alikuja kutoa, kumbe yeye ndiye aliyepokea. Mwisho.

Ukiishi Busia au Malaba utaisoma hadithi hii upende usipende. Mimi naisoma kwa sababu mbili. Ya kwanza, wanaoiandika hupita hapa: wengine wanavuka kutoka Uganda, wengine wanaelekea Bunyala, Butula au Teso, wakiwa na fulana zinazofanana. Ya pili ni tumbo. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokosekana, nikarudi nyumbani na kompyuta, na tangu hapo nakula kwa kuandika. Leo kijarida cha sacco, kesho tangazo la shule, keshokutwa "simulizi ya mafanikio" ya mradi fulani. Hiyo ya mwisho huja na fomu. Fomu ina kisanduku cha idadi ya watoto, kisanduku cha shida, nafasi ya picha ya kabla na nafasi ya picha ya baada. Bado sijaona fomu yenye kisanduku cha jina la fundi.

Sina haja ya kuicheka hadithi hii. Nataka kuisoma vile tungesoma riwaya: nani anatenda, nani anatendewa, saa inaanza kuhesabu wapi na inasimama wapi. Na dai langu ni moja. Hadithi hii haielezi nyumba tu, inaijenga. Vile inavyosimuliwa ndivyo msingi unavyochimbwa, na hapo ndipo maneno ya fasihi yanakuwa maneno ya nani atalala pakavu.

*

Kucheka, tumecheka vya kutosha. Kijana yeyote mwenye bando anaujua mzaha wa mgeni aliyepiga picha na mtoto asiyemjua jina. Mzaha huo una ukoo mrefu. Tarehe 20 Aprili 1968, mjini Cuernavaca, Meksiko, Ivan Illich, padri mzaliwa wa Vienna, alisimama mbele ya vijana wa Marekani waliokuwa wanajiandaa kwenda kujitolea vijijini. Hakuwapongeza. Aliwaambia waje kutembea na kujifunza wakitaka, lakini hayo ya kusaidia wayaache. Mwaka 2005 Binyavanga Wainaina alichapisha "How to Write About Africa" katika jarida la Granta, akijifanya anamfunza mgeni namna ya kutuandika, na kila funzo likawa kofi. Mwaka 2012 SAIH, shirika la wanafunzi na wasomi wa Norway, lilitoa video ambamo Waafrika wanachanga vipasha joto ili kuwaokoa Wanorway wanaoganda kwa baridi. Mwaka 2014 likarudi na igizo la shindano la runinga ambamo mshindani anapigania nafasi ya kwenda kuiokoa Afrika. Mwaka 2016 kikatokea kidoli cha Barbie kwenye Instagram, kimevaa miwani ya jua, kinaokoa kijiji kimoja baada ya kingine.

Zote nazipenda. Lakini hebu angalia nani yuko katikati ya picha.

Ni mgeni. Illich anamsema mgeni mbele ya wageni. Wainaina anazungumza na mwandishi wa kigeni, maana kejeli yake ilihitaji hivyo. Video za SAIH ni kazi ya shirika la Norway. Kidoli ni chao na kioo ni chao. Tumemtoa mgeni kwenye ushujaa tukamweka kwenye uchekeshaji, lakini kamera hatujaigeuza. Mama mwenye nyumba bado amesimama pembeni na ufunguo wake mkononi, anangoja tumalize kucheka ndipo aulizwe kama choo kinafanya kazi.

Wainaina mwenyewe alilijua hilo. Miaka miwili kabla ya makala ile, mwaka 2003, alikuwa ameanzisha jarida la Kwani? ili watu wa hapa waandike ya hapa. Kejeli ilikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili, ya kuandika vile tunavyoishi wenyewe, haisambai haraka kwenye simu. Kwa hiyo tunaikumbuka ile ya kwanza na kuirudia, hadi mtu wa miaka kumi na tisa Nairobi anajua makosa yote ya mgeni anayejenga nyumba Budalangi, na hajui hata kidogo nyumba yenyewe ikoje ndani.

*

Tuanze na vitenzi, kwa sababu Kiswahili kinatusaidia hapa. Chukua "jenga". Nimejenga. Nimejengewa. Nimejengesha. Tumejengeana. Herufi chache zikiongezwa unapata hadithi nyingine kabisa, yenye watu wengine na deni jingine.

Kwetu, mkikutana matangani, mjomba atakuuliza: "Umejenga?" Haulizi kama umeshika mwiko na karai. Anauliza kama umekuwa mtu mzima, kama una mahali pako bomani. Kijana wa Kiluhya au wa Kijaluo anayeinua simba yake kwa baba amejenga, hata kama fundi alilipwa na kazi yake yeye ilikuwa kuleta maji. Aliyefanya kazi ni mmoja, aliyejenga ni mwingine, na hakuna anayechanganyikiwa.

Katika hadithi ya wiki mbili vitenzi vimegawanywa tofauti. Mgeni "alijenga nyumba Kenya". Mama "alijengewa". Na fundi, yule aliyepiga kamba, akaangusha timazi, akasawazisha kwa pima maji, hana kitenzi chochote. Hayumo kwenye sentensi.

Makala iliyokaribia zaidi kumtia fundi ndani niliyowahi kusoma ni ya Pippa Biddle, Mmarekani, aliyoiandika mwaka 2014. Anasimulia safari ya shule kwenda Tanzania, yeye na wenzake wakijenga maktaba katika kituo cha watoto yatima. Kazi yao ilikuwa mbovu kiasi kwamba wanaume wa pale walikuwa wakibomoa matofali usiku na kuyapanga upya, ili asubuhi wageni waendelee bila kujua. Makala hiyo ilizunguka dunia, na haki yake, kwa sababu Biddle alisema jambo ambalo wengi humeza.

Hata hivyo, isome tena ukiwa na timazi yako mkononi. Jambo kubwa kuliko yote katika makala hiyo linatokea usiku, na usiku huo una aya moja tu. Nani alishika taa? Nani aliamua kwamba ni heri kubomoa kimyakimya kuliko kuwaambia wageni ukweli? Walilipwa mara mbili kwa ukuta mmoja, au ule wa usiku ulikuwa wa bure? Walicheka? Mimi nataka kitabu kizima kuhusu wanaume wale. Tulichopewa ni majuto ya msichana, ambayo ni ya kweli na yanaheshimika, lakini majuto nayo ni njia ya kubaki katikati ya picha.

Na mikono yenyewe haikuwahi kuwa shida. Pita stendi ya boda boda ya Busia saa kumi na mbili asubuhi. Neno "boda boda" lilizaliwa hapa mpakani, kwa watu wa baiskeli waliokuwa wakivusha abiria kutoka boda hadi boda, na sasa linasemwa Afrika Mashariki yote. Hapo utakuta vijana wanaongoja mtu aje aseme kuna mjengo mahali. Simiti inatengenezwa Tororo, ng'ambo tu ya Malaba. Matofali yanachomwa vijijini. Kinachokosekana ni pesa, na muda wa kuitumia pesa hiyo vizuri. Hadithi inayomtoa mtu bara jingine aje kuchanganya kokoto inabidi ijifanye kwamba tulikosa mikono. Bila hivyo haina mhusika mkuu.

*

Sasa nikupeleke kwenye nyumba moja, kwa sababu uhakiki wa nyumba bila nyumba ni porojo.

Shangazi yangu ameolewa Bunyala, kule mto Nzoia unapokaribia kuingia Ziwa Victoria. Mumewe alifariki zamani. Mwaka 2017 kundi la wageni, jina silitaji, lilimjengea nyumba ya matofali ya vyumba viwili na sebule, mahali pa ile ya udongo. Wote tulifurahi. Mimi mwenyewe nilibeba maji.

Fundi aliyesimamia alikuwa mtu wa hapo hapo. Alisema mapema kwamba msingi uinuliwe. Udongo wa pale ni mweusi, unavimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka, halafu mto una tabia zake. Kuinua msingi kulimaanisha kuleta udongo mwekundu wa changarawe kwa trekta, kuumwaga, kuushindilia, kuuacha utulie, kuushindilia tena. Hiyo ni kazi ya wiki kadhaa ambayo mwisho wake huoni kitu, ni tuta tu. Wageni walikuwa na siku kumi na moja za kazi. Mratibu aliangalia ratiba, akaangalia tuta ambalo halijakuwepo, akaamua. Msingi ulikaa chini, kuta zikapanda, ufunguo ukakabidhiwa siku iliyopangwa.

Sidhani mratibu alikuwa mtu mbaya. Alikuwa msimuliaji. Hadithi yake ilihitaji kuta kabla ya ndege kuondoka, na tuta la udongo halipigwi picha. Hapo ndipo ninaposema hadithi ilichimba msingi.

Mwaka 2020 mvua zilikuja vile unavyokumbuka. Nzoia ulifurika, ziwa likapanda, watu wa Budalangi wakahamia makambini. Shangazi alikaa kambini miezi. Aliporudi nyumba ilikuwa imesimama, na hilo lisemwe waziwazi, kwa sababu nyumba za udongo za majirani hazikusimama. Lakini sakafu ilikuwa imezama upande mmoja, na ufa ulikuwa umetoka kona ya dirisha ukashuka mpaka chini, unapitisha kidole. Fundi yuleyule alirudi na mwanawe. Shangazi alilipa kwa zamu yake ya chama na kwa mbuzi wawili. Walifukua pembeni, wakatia mawe, wakajaza. Hakuna aliyewapiga picha.

Nilimwuliza anawafikiriaje wageni wale. Hakusita. "Mwanangu, walinijengea vizuri, Mungu awabariki. Walikosa tu kuuliza maji hupita wapi."

Kuna mambo mawili zaidi kuhusu nyumba hiyo. La kwanza, haikuwa na jiko. Ramani ilikuja bila jiko, labda kwa sababu aliyeichora hakuwahi kupika kwa kuni. Mwezi mmoja baada ya wageni kuondoka, shangazi aliinua jiko la fito na udongo nyuma ya nyumba, akalikandika mwenyewe na wakaza-wanawe. Ukienda kumtembelea leo utakaa humo. Chai inanywewa humo, kesi zinasikizwa humo, watoto wanalala humo baridi ikizidi. Sebule ya matofali ina viti na kalenda.

La pili, nyumba hiyo imekuwa alama ya njia. Mwambie mtu wa boda "nipeleke kwa wazungu", na atakufikisha mlangoni kwa shangazi. Ameishi hapo zaidi ya miaka thelathini, amezaa hapo, amezika mume hapo, lakini siku kumi na moja zilitosha kubadilisha jina la mahali. Yeye hucheka. Mimi, ambaye kazi yangu ni majina, sicheki sana.

*

Mtu atasema: wewe unachambua vitenzi na mama ananyeshewa. Ni swali la haki na nitalijibu. Shangazi alilala pakavu miaka mitatu kabla ya mafuriko, na hiyo si fasihi, ni usingizi. Nyumba salama ni afya, ni heshima, ni mtoto anayesoma jioni bila kusogeza ndoo. Sitaki mtu yeyote aache kuchangia bati kwa sababu ya makala yangu. Ninachosema ni kwamba kuna hadithi nyingine za kujenga, zinazojulikana, na kila moja inazaa nyumba tofauti.

Mojawapo ilianzia Kongo. Mwaka 1973 Millard Fuller, wakili na mfanyabiashara wa Alabama aliyekuwa amegawa utajiri wake, alihamia Mbandaka, wakati huo nchi ikiitwa Zaire, pamoja na mkewe Linda na watoto wao. Walikaa miaka mitatu. Waliporudi Marekani mwaka 1976 walianzisha Habitat for Humanity, ambalo mwaka 1982 liliingia Kenya. Fuller aliandika kitabu kuhusu Mbandaka, Bokotola, kilichotoka mwaka 1977. Ndiyo, ni kitabu cha mmishonari, na shujaa wake unamjua. Lakini wazo lililobebwa na kazi ile, ambalo Fuller alilichukua kwa Clarence Jordan wa shamba la Koinonia kule Georgia, lilikuwa na umbo tofauti na hadithi ya wiki mbili. Familia haikupewa nyumba. Ilinunua, bila riba na bila faida kwa muuzaji, ikalipa kidogo kidogo kwa miaka. Ilitoa jasho lake kwenye ujenzi. Na pesa iliyolipwa ilikwenda kujenga nyumba ya jirani.

Uliwahi kufikiria deni kama mbinu ya usimulizi? Deni lina wakati ujao. Mtu anayelipa hawezi kutoweka kwenye hadithi siku ya ufunguo, maana mwezi ujao atakuja tena ofisini, atalalamika kuhusu bati, ataomba aongezewe muda, atamaliza na kujivunia. Amejenga, kwa maana ile ya mjomba wa matangani. Wajitoleaji wa siku hizi wanaokuja kwa wiki moja au mbili wamerithi nyundo ya Fuller. Ile miaka mitatu haikurithiwa.

Hadithi nyingine ilianzia kaunti jirani. Mwaka 2011 GiveDirectly ilianza kutoa pesa taslimu Rarieda, Siaya, kwa simu, bila kumwambia mtu anunue nini. Waliochaguliwa walikuwa wale walioishi chini ya paa la nyasi. Wachumi Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walifuatilia, wakachapisha matokeo mwaka 2016, na jambo moja lililoonekana wazi ni mabati: kati ya watu waliopewa uhuru wa kuchagua, si wachache waliochagua paa. Walimwita fundi wao, wakapigana naye bei wao, wakaamua jiko likae wapi. Kama hadithi ya kuuza, inachosha. Hakuna mgeni, hakuna malengelenge, na simu ikilia huwezi kuipiga picha. Labda ndiyo maana huijui.

Isitoshe, nayo ina lugha yake ya kutuchunguza. Paa lako la nyasi linakuwa cheti, jibu lako linakuwa nambari. Sisi wa Busia tumezoea. Mwaka 1998 mradi wa kuwapa wanafunzi dawa za minyoo ulianza katika shule 75 za wilaya hii, na makala ya Edward Miguel na Michael Kremer ya mwaka 2004 iliifanya Busia itajwe katika madarasa ya uchumi duniani kote. Kremer, ambaye alipokuwa kijana alifundisha kwa kujitolea magharibi ya Kenya, alipata Tuzo ya Nobeli pamoja na wenzake wawili mwaka 2019. Kwa hiyo tumeandikwa sana: kwa machozi na kwa majedwali. Anayeandika kwa majedwali ana sifa moja ambayo wa machozi hana. Anarudi. Swali lake linamlazimu arudi mwaka wa pili na wa tano kuuliza kilichotokea. Jedwali lina kumbukumbu ndefu kuliko hadithi ya wiki mbili, na hiyo ni aibu kwetu sisi tunaojiita waandishi.

*

Kuna picha moja ambayo ningependa ipumzike: ya ufunguo. Mama anaushika juu, mgeni amemkumbatia, mlango mpya nyuma yao. Picha hiyo inasema kwamba swali limefungwa. Lakini ufunguo si hati. Nyumba ya mjane imesimama juu ya ardhi, na mara nyingi ardhi ina jina la marehemu, au la baba mkwe, au haina jina la mtu aliye hai. Katiba ya 2010 inataka ubaguzi wa kijinsia uondolewe kwenye sheria, mila na desturi za ardhi. Shemeji mwenye uchu hajaisoma Katiba, au ameisoma na anajua mama hana nauli ya kwenda kortini. Kwa kweli nyumba nzuri yaweza kuongeza uchu. Hakuna anayepigania kibanda cha udongo vile atakavyopigania matofali na mabati. Usalama wa nyumba unaanzia kwenye karatasi kabla ya kufika kwenye ukuta, na karatasi haina nafasi kwenye hadithi, kwa sababu huchukua zaidi ya wiki mbili na hakuna anayelia kwa furaha katika ofisi ya ardhi.

Wazee wetu walikuwa wakali kwa picha za mlangoni. Nyumba njema si mlango, walisema; fungua uingie ndani. Na methali yetu inayojulikana kuliko zote kuhusu nyumba haizungumzii siku ya kuhamia kabisa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Fikiria: lugha nzima, ilipoamua kuweka hekima yake kwenye nyumba, iliruka msingi, ikaruka paa, ikaruka sherehe, ikaenda moja kwa moja kwenye ufa. Inajua kwamba kujenga ni siku chache, na kuziba ni maisha.

Hata juu ya mgeni lugha hii ina busara kuliko kejeli zetu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ya kwanza inamkaribisha bila unafiki, maana ujio wake unaweza kuwa dawa. Ya pili inamwambia kwamba akikaa anaingia kwenye kazi zetu kwa masharti yetu: jembe analipewa, halichagui, na shamba analoonyeshwa ni lile linalotakiwa kulimwa. Hakuna inayomtukana. Zote mbili zina mwenyeji ndani yake, na mwenyeji ndiye anayesema.

Kwa hiyo ombi langu halimwendi mgeni. Ameambiwa mengi tangu 1968, na anayetaka kusikia ameshasikia. Ombi ni kwa sisi tunaoandika hapa, tuliolipwa na tusiolipwa: tuanze pale hadithi yake inapoishia. Tuandike mwezi wa sita baada ya ufunguo. Tumpe fundi jina na kitenzi. Tukae jikoni badala ya sebuleni. Mhariri akituma fomu, tumrudishie ikiwa na kisanduku kimoja zaidi. Na kabla ya kuandika sentensi ya kwanza kuhusu nyumba yoyote kati ya hapa na ziwa, tuulize lile swali ambalo halikuulizwa Bunyala mwaka 2017, kwa sababu jibu lake ndilo litakaloamua kama hadithi yetu itasimama mvua ikija: maji hupita wapi?